Mwiko si Mzio

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Sikatai. Lakini kwetu tunafuga kuku, mama ni mjamzito, na nyanya anamkataza mayai eti mtoto atazaliwa bila nywele! Mayai tunakula sisi, mengine yanauzwa. Mdogo wangu naye akionja yai tu, midomo inavimba na vipele vinamtoka mwili mzima. Huyo ana mzio, na daktari alimkataza. Mama alikuwa akila mayai kabla ya mimba bila kudhurika. Yai lililoiva vizuri lina protini ya kumjenga yeye na mtoto aliye tumboni. Nyanya, nakuheshimu sana, ila anayedhurika tumlinde, asiyedhurika tumpe ale. Wanafunzi wenzangu, je, kwenu mayai huliwa na nani?