KALAMU YA MKAGUZI ISIWE MTUMWA



Ajira katika kampuni ya uhasibu huonewa fahari: tai shingoni, mkoba mkononi, heshima mbele ya jamaa. Lakini nyuma ya fahari hiyo mna utumwa usiosemwa. Kijana huhesabu bidhaa ghalani mchana, hulinganisha stakabadhi hadi usiku wa manane, kisha alfajiri hudurusu vitabu vya mtihani wa CPA. Uchovu huo ni mzigo, ila si ulio mzito zaidi.

Mzito zaidi ni huu: mkaguzi hulipwa na yule yule anayemkagua. Karani akiona pengo katika hesabu, huliandika. Mkubwa wake aweza kulipunguza. Mbia wa kampuni, akichelea kumpoteza mteja, aweza kulifuta. Kisha sahihi hutiwa kwamba hesabu ni za kweli na za haki. Je, hii si kesi ya nyani kupelekewa ngedere?

Mwaka 2000 kampuni ya Enron ya Marekani iliwalipa wakaguzi wake, Arthur Andersen, dola milioni 52, na zaidi ya nusu haikuwa malipo ya ukaguzi. Enron ilipoporomoka mwaka 2001, Arthur Andersen iliporomoka nayo, na maelfu ya wafanyakazi wasiozigusa hesabu zile wakapoteza riziki.

Nasi Wakenya tusicheke. Mwaka 1986 Katiba yetu ilibadilishwa ili Mkaguzi Mkuu aweze kuondolewa kazini kwa matakwa ya Rais. Kinga yake ilirejeshwa mwaka 1990. Na David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa nyaraka za Goldenberg, alikamatwa mwaka 1993, akafukuzwa kazi, akafariki mwaka 2006 katika ufukara. Waliochota hazina ya umma hawakupata adhabu kama yake.

Kwa hiyo twadai: anayekagua hesabu asimfanyie mteja huyo kazi nyingine yoyote ya malipo, na karani anayefichua wizi alindwe na sheria, asiachwe kulindwa na bahati.

Nanyi waumini, anzeni nyumbani. Hesabu za harambee zisomwe hadharani, na asizikague rafiki wa mweka hazina. Amri inayokataza ushuhuda wa uongo haikumsamehe mwenye kalamu. Na siku karani atakapofukuzwa kwa kusema kweli, asiukute mlango wa kanisa umefungwa.