Nani Aliyejenga Msikiti wa Shanga?

Msomaji, ukifika Shanga, katika kisiwa cha Pate, utakuta magofu ya msikiti wa Ijumaa karibu na bahari. Paa halipo na kuta zimebomoka. Muulize mtu aliyesoma kidogo ni nani aliyeujenga, naye aghalabu atakujibu upesi: "Waajemi, watu wa Shirazi." Jibu hilo ni jepesi mno, nami nakusihi usilipokee.

Siwalaumu wazee waliosimulia habari za Shirazi. Kila ukoo hupenda kujinasibu na mbali, na Shirazi lilikuwa jina la heshima. Lawama yangu ni kwa watu wa vitabu. Kwa muda mrefu walidhani kwamba jiwe likipandishwa juu ya jiwe katika Afrika, mkono uliolipandisha sharti uwe wa mgeni. Hata Neville Chittick, bingwa aliyeanza kuchimba katika kisiwa jirani cha Manda mwaka 1966, alishika kwamba mji ule ulianzishwa na watu wa Ghuba ya Uajemi.

Baadaye, katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga. Hakutosheka na kuta. Alishuka chini ya sakafu ya msikiti. Huko alikuta alama za misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine. Wa chini kabisa ni wa karne ya 8, wala haukuwa wa mawe. Ulikuwa kijumba cha miti, na kilichosalia ni alama za mashimo ya nguzo katika mchanga. Kijumba kile kilichakaa kikajengwa upya, kikawa hakitoshi kikapanuliwa, kizazi baada ya kizazi, pale pale. Mawe ya matumbawe yalikuja baadaye sana, karibu na karne ya 10.

Je, huyo ni mgeni aliyeshuka jahazini na ramani ya msikiti kwapani? Huo ni mji uliojifunza kujenga kwa kujenga. Matumbawe yalikatwa baharini yangali laini, yakachongwa kabla hayajakauka; chokaa ilichomwa kwa matumbawe yayo hayo; na upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haivuki mita 3 hivi. Linganisha na kuba na vigae vya rangi vya Isfahan, uone kama ni fundi mmoja. Tazama na vyungu pia. Vya Uajemi vimo ardhini Shanga, lakini ni vichache. Vilivyo vingi vilifinyangwa huku huku, kwa namna ile ile iliyopatikana bara.

Mpinzani wangu atadakia: mbona mwaka 2023 wataalamu waliopima mifupa ya makaburi ya kale, ya Manda na Mtwapa miongoni mwayo, walikuta damu ya Kiajemi? Naam, walikuta, na sitaificha kweli kwa kuwa hainipendezi. Waliona kwamba asili ya upande wa akina mama karibu yote ni ya Kiafrika, na ya upande wa akina baba sehemu kubwa ni ya Uajemi. Basi wazee hawakusema uongo. Lakini soma na tarehe: kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Wakati huo kijumba cha miti cha Shanga kilikuwa kimekwisha kuzikwa chini ya warithi wake kwa zaidi ya miaka 200. Uislamu ulikuja kwa njia ya bahari, hapana ubishi, na yamkini mgeni alikuwamo katika safu ya kwanza. Kuswali katika nyumba si kuijenga.

Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Wenyewe hawakwenda Shirazi. Katika mji wa Siyu, kisiwani humo humo, umejulikana ukoo uitwao Washanga. Kabla hujaandika tena neno "Waajemi" katika daftari lako, msomaji, waulize hao.