Kompyuta ikiganda, tusikubali ifutwe ovyo

Hapa Goma, ukipeleka kwa fundi kompyuta ya Ubuntu yenye kugandaganda, mara nyingi jibu ni moja: «Tufute yote, tuweke Windows.» Kwangu mimi hiyo si dawa. Ndani ya mashini ile muna orodha ya wahami, picha za diploma za watoto, sauti za watu wanaotafuta ndugu zao. Vikifutwa, nani atavirudisha?

Tena kosa mara nyingi si la Ubuntu. Ramu ya giga 2 haiwezi kubeba kurasa ishirini za intaneti kwa pamoja. Vumbi la mawe ya volkano linaziba feni, mashini inachemka, inasimama. Diski ya zamani nayo inachoka.

Ndugu fundi, okoa vitu kwanza. Washa mashini kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuisimika, na unakili vyote kwenye diski nyingine. Kisha safisha feni, pima ramu na diski. Kama kuganda kulianza baada ya kusasisha, chagua kerneli ya zamani wakati wa kuwasha. Kwa kawaida Ubuntu huiacha pale. Kufuta kuwe kwa mwisho.

Nanyi mama na baba mliohama, yeyote akiandika majina yenu ndani ya kompyuta, mumuulize: nakala ya pili iko wapi? Kuuliza si dharau. Ni haki yenu.