Ukishinda kwa Mbinde, Kaa Chini Ujiulize

Koo langu limekauka kwa ubishi. Kijiwe chetu cha kahawa kiko hapa hapa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi yaliko makao makuu ya Simba. Ukikatiza mitaa kidogo tu unaangukia Twiga na Jangwani, kwa watani wao Yanga. Sasa kijiwe kikae katikati ya hapo halafu watu wanywe kahawa kimya kimya? Thubutu!

Juzi ubishi aliuanzisha kijana mmoja muuza mitumba. Timu yake ilikuwa imeshinda kwa mbinde, tena kwa bao la jioni, lakini yeye kavimba kama andazi. "Pointi tatu ni pointi tatu," anasema, "mengine kelele za mlango." Wazee wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka Machi 16, 2019, na jinsi shemeji yangu alivyoninunia wiki nzima.

Siku hiyo Simba ilicheza na AS Vita ya Kongo, Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya mwisho ya makundi. Ilikuwa vita kweli. Wageni walitangulia kufunga, Mohamed Hussein 'Tshabalala' akasawazisha, halafu mpira ukagoma kabisa. Matokeo yangebaki 1-1 Simba ingeshika mkia wa kundi. Dakika ya 90 Clatous Chama akafunga la pili, na Simba ikatinga robo fainali. Msimbazi usiku ule hapakuwa na pa kupita. Watu walikumbatiana na wasiowajua, honi mpaka alfajiri.

Nami nilifurahi, msinielewe vibaya. Ila kesho yake kijiweni mdomo ukaniponza. Nikamuuliza shemeji, "Hivi shemeji, zile kumi na mbili za ugenini tumezificha wapi?"

Hesabu yenyewe ilikuwa hii. Kundini Simba ilishinda mechi zake zote tatu za nyumbani: JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na hao Vita 2-1. Ugenini ilifungwa 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri na 2-0 Algeria. Mabao 12, yenyewe haikupata hata la kufutia machozi. Timu ilikuwa kama mtu shujaa sebuleni kwake, akivuka kizingiti tu miguu inatetemeka.

Halikuwa jambo la aibu. Mara ya mwisho Simba kucheza hatua ya makundi ya ligi hiyo ilikuwa 2003, ilipomtoa Zamalek kwa penalti. Mtoto akianza kutembea lazima aanguke. Tatizo ni pale mtoto anaanguka na mzazi anapiga makofi tu, hamwangalii goti.

Shemeji akanitazama juu mpaka chini. "Shemeji, nilijua tangu namuoa dada yako kwamba una damu ya Jangwani. Watu wanasherehekea, wewe unahesabu makaburi!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nikanywa kahawa yangu, nikalipa, nikaondoka zangu.

Basi bwana, robo fainali wakapangwa na TP Mazembe. Dar ikawa 0-0, John Bocco akakosa penalti. Lubumbashi Emmanuel Okwi akafunga mapema kabisa, watu wakaruka mpaka vikombe vikamwagika. Mechi ikaisha 4-1 kwa wenyeji. Kijiweni wakasema, "Aa, Mazembe yule, si mchezo." Goti halikuangaliwa tena.

Agosti mwaka huo huo ikaja UD Songo ya Msumbiji, hatua ya awali. Nani alikuwa anaijua Songo? Kwao 0-0. Agosti 25, hapa Dar, Luis Miquissone akapiga frii-kiki ikaenda moja kwa moja wavuni. Simba ikasawazisha kwa penalti ya Erasto Nyoni, 1-1, na bao la ugenini likawatoa. Kutoka robo fainali mpaka nje ya mlango, miezi minne tu.

Jioni ile shemeji alikuja kwangu bila jezi. Alikaa barazani muda mrefu, hataki chai wala maji. Mwisho akasema taratibu, "Shemeji, lile swali lako la Machi, hebu niulize tena." Sikumcheka. Mtu aliyeumia hachekwi.

Lakini swali linaloulizwa siku ya kufungwa huwa limechelewa. Siku hiyo kila mtu ana hasira, na mwenye hasira hatafuti dawa, anatafuta wa kumfukuza. Novemba kocha Patrick Aussems akaonyeshwa mlango, yule yule aliyebebwa juu juu mwezi Machi. Siku ya ushindi ndiyo roho zimetulia. Hapo unaweza kumwambia beki amelala, asikuone mchawi.

Uzuri Simba ilikua. Januari 2020 ikamchukua huyo huyo Miquissone aliyewaliza. Februari 2021 ikarudi Kinshasa, kwa Vita wale wale wa 5-0, ikashinda 1-0. Miquissone naye akaifunga Al Ahly hapa Dar. Simba ikaongoza kundi kwa pointi 13, na ugenini ikaruhusu bao moja tu. Hata hivyo robo fainali wakala 4-0 kwa Kaizer Chiefs kule Johannesburg, na 3-0 ya nyumbani haikutosha. Kukua nako hakuishi siku moja.

Haya nikamweleza yule kijana wa mitumba. Akakuna kichwa. "Kwa hiyo anko, nisishangilie?"

Shangilia mwanangu, mpaka sauti ikauke! Pointi tatu ni zako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini kesho asubuhi, kabla hujafungua belo lako, jiulize kilichokufanya usubiri mpaka dakika ya 90. Mbona nguo ukiiuza kwa shida unaigeuza kutafuta ilipotoboka?

Tukutane wiki ijayo, kahawa juu yangu.