Baada ya Vishikwambi: Mwalimu wa Kiswahili Ajifunze Stadi Gani za Kidijitali?

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 nchini Tanzania, vishikwambi ambavyo makarani walivitumia kukusanyia taarifa za kaya viligawiwa walimu wa shule za umma, na kwa hatua hiyo moja zaidi ya vifaa 200,000 viliingia mikononi mwa watu ambao wengi wao hadi wakati huo walikuwa wakitegemea simu zao binafsi. Kenya ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine: kuanzia mwaka 2016, mpango wa serikali wa stadi za kidijitali ulisambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi zaidi ya 20,000, vingi vikiwa vya wanafunzi wa madarasa ya mwanzo. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi idadi, gharama, umeme na utunzaji, mambo ambayo ni ya msingi na hayapaswi kupuuzwa. Lakini kwa mwalimu wa lugha, na hasa mwalimu wa Kiswahili, swali la kitaaluma limebaki bila jibu la kutosha, nalo ni kwamba kifaa hicho kimwezeshe kufanya jambo gani ambalo ubao, chaki na kitabu cha kiada haviwezi kulifanya.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni mafunzo ya jumla ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani TEHAMA, ambamo walimu wa masomo yote huketi pamoja na kufundishwa kuwasha kifaa, kuandika waraka, kutayarisha slaidi na kutuma baruapepe. Mafunzo ya namna hiyo yana nafasi yake, na UNESCO, katika mwongozo wake wa umahiri wa walimu katika TEHAMA ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018, imeyapangia ngazi tatu na vipengele 18 vinavyomhusu mwalimu yeyote, awe wa hisabati au wa jiografia. Udhaifu wake ni kwamba somo la lugha linatofautiana na mengine kwa jambo moja kubwa: kinachofundishwa ndicho pia chombo cha kufundishia, na umahiri wa mwanafunzi hudhihirika anaposikiliza, anapozungumza, anaposoma na anapoandika. Mwalimu wa Kiswahili aliyefundishwa slaidi peke yake hurudi darasani na kuhamishia humo jedwali lile lile la ngeli alilokuwa akilichora ubaoni, na mwanafunzi hapati hata nafasi moja ya ziada ya kufungua kinywa.

Stadi ambayo ingepaswa kutangulia zote ni ya kurekodi, kukata na kuhifadhi sauti. Takriban kila simu janja na kila kishikwambi kinaweza kurekodi sauti bila intaneti na bila malipo, na faili za sauti ni nyepesi kiasi cha kufaa mazingira ambamo bando ni ghali: usemi uliobanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua chini ya kilobaiti 500 kwa dakika, wakati video ya dakika moja iliyopigwa kwa ubora wa juu kwa simu hiyo hiyo huweza kuvuka megabaiti 60. Kwa sababu hiyo, ushauri unaosikika mara kwa mara kwamba mwalimu wa kisasa ajitahidi kutengeneza video za masomo unamwelekeza mwalimu wa lugha kwenye njia iliyo ghali zaidi na yenye manufaa machache zaidi kwa somo lake.

Katika darasa la wanafunzi 60 au zaidi, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma aya nzima ndani ya kipindi cha dakika 40, lakini anaweza kuwapanga katika makundi, kila kundi likarekodi usomaji wake, kisha yeye akasikiliza rekodi chache baada ya vipindi na kubaini mahali ambapo sauti ya dh inageuka z, ambapo l na r zinabadilishana nafasi, au ambapo kiimbo cha swali kinasomwa kama cha taarifa. Makosa hayo hutokana mara nyingi na athari za lugha ya kwanza, yaani mazoea ya sauti ambayo mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani, na mazoea hayo hayaondoki kwa kukaririshwa kanuni. Yanahitaji mwanafunzi ajisikie mwenyewe, arudie, kisha ajisikie tena. Nchini Uganda, ambako baraza la mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, ilhali walimu wake ni wachache, rekodi nzuri za wazungumzaji mahiri zinaweza kumfaa mwalimu ambaye mwenyewe bado anajifunza.

Uwanja ambao pengine umeumia kuliko mwingine wowote kwa kufundishwa kwa maandishi matupu ni fasihi simulizi. Mwanafunzi wa sekondari huorodhesha tanzu zake, yaani aina kuu kama hadithi, ushairi, semi na maigizo, pamoja na vipera vya kila utanzu, lakini anaweza kumaliza shule bila kumsikia fanani, yaani mtendaji wa sanaa hiyo, akiitikiwa na hadhira yake. Darasa linalorekodi ngano na nyimbo za kazi kutoka kwa wazee wa mtaa au kijiji hupata data halisi ya kuchambua: namna hadithi inavyofunguliwa, mahali fanani anaposhusha sauti, wakati hadhira inapodakia wimbo. Hapo ndipo stadi za kuhifadhi zinapokuwa za lazima, kwa kuwa rekodi isiyo na jina la mahali, tarehe, utanzu na lugha iliyotumika haitamfaa mtu yeyote baada ya mwaka mmoja, na iliyohifadhiwa kwenye kifaa kimoja tu hupotea kifaa hicho kinapoharibika. Pia ni lazima msimulizi aombwe ridhaa na aelezwe rekodi itasikika wapi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019 na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, sauti ya mzee si mali ya shule kwa sababu tu imerekodiwa na mwanafunzi.

Stadi inayofuata ni ndogo hata huonekana haistahili kutajwa, nayo ni kupanga kibodi ya kifaa iwe ya Kiswahili. Vifaa vingi huja vikiwa vimepangwa kwa Kiingereza, na mfumo wa kusahihisha maneno hugeuza neno la Kiswahili kuwa la Kiingereza linalokaribiana nalo kwa herufi, hivyo mwandishi huishia kupambana na kifaa chake katika kila sentensi. Kikagua tahajia nacho, yaani programu inayopigia mstari mwekundu maneno isiyoyatambua, kina tatizo lake linalotokana na maumbile ya lugha yenyewe. Kitenzi kama hawatawapelekea hubeba kwa pamoja ukanushi, nafsi, njeo, mtendwa, mzizi na kauli ya kutendea, na kwa kuwa mzizi mmoja huweza kuzaa maumbo maelfu, programu inayotegemea orodha ya maneno peke yake haiwezi kuyamaliza yote. Ndiyo maana wataalamu kama Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki waliunda mifumo inayochambua viambishi kwanza. Mwanafunzi asiyeelezwa jambo hili hufuta neno sahihi kwa kuogopa mstari mwekundu. Mwalimu anayelijua atampa kazi ya kulitenganisha neno hilo na kulitetea.

Kutoka Helsinki imetoka pia kopasi, yaani hazina ya matini halisi zilizokusanywa ili zitafutwe kwa kompyuta, yenye maneno yapatayo milioni 25 ya Kiswahili kutoka magazetini, vitabuni na kwenye kumbukumbu za Bunge. Mwalimu anayefundisha matumizi ya kiunganishi au kihusishi hahitaji tena kubuni mifano mepesi isiyosemwa na mtu yeyote, kwani anaweza kutazama namna waandishi wengi walivyolitumia neno hilo. Asiyefikia kopasi anaweza kufunga kirai ndani ya alama za mtajo kwenye injini ya utafutaji, ili apate matokeo yenye maneno hayo kwa mpangilio huo huo, mradi akumbuke kwamba wingi wa matokeo si uthibitisho wa usanifu, maana makosa nayo husambaa.

Hoja ya upande wa pili ni nzito na inastahili kusikilizwa. Wapo wanaoona kwamba mwalimu mwenye vipindi vingi asibebeshwe kazi ya kutengeneza nyenzo, bali taasisi za mitaala, kama Taasisi ya Elimu Tanzania na mwenzake wa Kenya, KICD, zitengeneze masomo yaliyohakikiwa na kuyapeleka kwa wote. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, redio na televisheni zilionyesha kwamba njia hiyo huwafikia wanafunzi ambao mtandao hauwafikii. Kwa sarufi na uhakiki wa vitabu teule, hoja hii inashinda. Hakuna sababu ya kila mwalimu kuandika upya maelezo ya vitenzi visaidizi. Lakini somo lililotayarishwa makao makuu haliwezi kumsikia mtoto wa Sumbawanga au wa Kakamega anavyotamka, wala kusoma insha yake, na ni katika kusikia na kusoma huko ambako kazi ya mwalimu wa lugha imo. Insha zenyewe sasa zinaweza kuandikwa na akili mnemba, yaani programu inayozalisha matini kwa kuiga ruwaza za matini nyingi ilizolishwa. Kinga iliyo karibu ni kufuatilia rasimu kwa rasimu, kwa karatasi au kwa waraka wa pamoja unaotunza historia ya mabadiliko.

Tanzania tayari ina utaratibu unaoweza kubeba mafunzo haya bila bajeti mpya kubwa. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kama MEWAKA, huwakutanisha walimu shuleni na katika vituo vya walimu, na hakuna kinachozuia walimu wa Kiswahili wa kata moja kutenga muhula mzima kwa stadi moja, waanze na sauti, na kila mmoja aje na rekodi tatu za wanafunzi wake zisikilizwe na kujadiliwa na wenzake. Wathibiti ubora wa shule nao, wanapomtembelea mwalimu aliyepewa kishikwambi, wangefanya vizuri kuomba kusikia rekodi hizo kabla ya kuomba kuona slaidi.