Mlipeni Fundi Apime

Nasema wazi tangu mwanzo: wanaoharibu vyombo vyetu si mafundi. Ni sisi wateja. Fundi tunamlipa kwa kubadilisha kitu. Kwa kutafuta tatizo hatumlipi hata senti. Kisha tunashangaa anapobadilisha kila kitu.

Ushahidi ninao nyumbani kwangu Mbweni. Ni redio ya upepo aina ya Kenwood TS-520S, ya miaka ya 1970, chombo cha wale wanaozungumza kwa mawimbi mafupi kwa kujifurahisha na kujifunza. Hapa Tanzania huwezi kuitumia bila leseni, na majina yetu hewani huanza na 5H. Ndani yake karibu kila kitu ni transista, isipokuwa valvu tatu: moja ya kusukuma, na mbili za mwisho zinazotia nguvu mawimbi yanayokwenda kwenye antena.

Siku moja ikawa inasikia lakini haisemi. Vituo vya mbali viliingia safi. Nikibonyeza kitufe cha maiki, hakuna kinachotoka.

Nikamwita fundi kijana. Aliitazama dakika tano tu. "Mzee, valvu za mwisho zimekufa." Nikamuuliza amejuaje. "Hizi redio za zamani ugonjwa wao ndio huo."

Sikubisha. Niliagiza jozi mpya kutoka ng'ambo kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa mpaka leo, nikasubiri wiki saba. Tukazipachika. Redio ikabaki bubu vile vile.

Ndipo nilipoona haya na kufungua kitabu chake. Redio ile ina mita usoni pake, ambayo ukizungusha swichi hukuonyesha mambo manne. Nikaanza na umeme mkubwa wa valvu: upo. Nikafuata mkondo wa valvu za mwisho wakati wa kurusha bila kusema neno. Kitabu chataka miliampia 60. Sindano ililala kwenye sifuri.

Jibu lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Valvu huchoka kidogo kidogo. Ni nadra mbili zife siku moja huku zote zinawaka wekundu wake wa kawaida. Sifuri ilimaanisha kuna umeme mwingine hauzifikii, ule wa gridi ya pili, unaoiwezesha valvu kupitisha mkondo. Na umeme huo hupitia swichi ndogo nyuma ya redio, iliyowekwa ili uzimwe wakati wa marekebisho. Swichi ilikuwa imewashwa, lakini ndani vyuma vyake vimeota kutu. Sisi wa Mbweni tunajua chumvi ya bahari inavyokula hata bawaba za milango.

Nikachomoa waya wa umeme, nikangoja kapasita ziishiwe, nikapima kuhakikisha, maana humo mna volti zipatazo 800 na hazina msamaha. Nikasafisha swichi kwa dawa yake. Nikafunga mzigo bandia badala ya antena, nisiwasumbue watu hewani. Kisha nikarudisha zile valvu "zilizokufa". Sindano ikapanda mpaka 60.

Nilipomwita tena yule kijana nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Alisikiliza kwa adabu, akasema: "Samahani mzee, lakini uliniuliza bei ya valvu. Ningekwambia naomba elfu kumi nipime tu, ungenipa?"

Nisingempa. Ningesema huyu anataka kunila pesa bila kazi.

Sasa, ndugu msomaji, tazama tulivyojifunza hospitalini. Zamani kila homa tuliiita malaria, tukameza dawa kwa kukisia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Leo tunatoa kidole kichomwe sindano, na majibu yakisema huna malaria hatudai turudishiwe gharama ya kipimo. Tunajua tumenunua kitu: tumeepushwa na dawa isiyotuhusu. Mbona kwa fundi wa friji, wa pampu ya maji, wa gari, bado tunataka ramli?

Utaniambia: nikilipa apime asione kitu, je? Basi amekuonyesha mahali ambapo ubovu haupo, nawe usinunue spea ya hapo. Utaniambia tena: wapo watakaojidai wamepima. Wapo, kweli. Lakini anayepima unaweza kumwambia, "Nionyeshe sindano inasema nini." Anayebahatisha hana cha kukuonyesha, na ukimkubalia, hasara ni yako yote.

Kijana hakukosa akili. Alikosa mteja wa kumlipa ili aitumie. Nililipa valvu mbili nisizozihitaji kwa sababu nilikataa, bila hata kuulizwa, kulipa saa moja ya kufikiri. Sasa hulipa saa hiyo, na hukaa pembeni nitazame.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi kesho, usianze na bei ya kubadilisha. Anza hivi: "Kupima ni shilingi ngapi?" Akitaja, mpe.