Maji ya Udhu Yasipotee Bure



Baada ya darsa ya kina mama, bibi mmoja kijana alibaki nyuma akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, nikiyakinga maji ninayotawadhia, kisha nikaumwagia mpapai wangu, nina makosa?" Mavyaa wake amemkataza, akisema maji hayo ni najisi. Na nyumba yao hununua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, siku nyingi za wiki.

Nilimjibu: huna makosa, mwanangu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, maji machache yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi au josho huitwa mustaamal. Hayo ni twahara, ila hayatwaharishi: hutawadhii tena wala huondolei najisi. Lakini yakirukia nguo hayaitii najisi, na mti kuyanywa hakuna ubaya. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo ni twahara. Yanayotengwa ni ya kufulia nepi zenye najisi; hayo yaende chooni.

Mnamo mwaka 1978, Baraza la Wanachuoni Wakubwa la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba hata maji taka, yakisafishwa barabara hadi athari ya najisi ikatoweka katika rangi, ladha na harufu, hurudi kuwa twahara. Basi itakuwaje maji ya udhu, ambayo hayakuguswa na najisi tangu mwanzo?

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi, hadi vibaba vitano. Sisi hufungua bomba kabla ya kukunja mikono ya kanzu, nami nakiri nimo katika hao. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo kibaba chatoboka haba na haba.

Hebu tuhesabu. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akioga kwa ndoo ya lita 20, hutumia lita 120 kwa siku, yaani mitungi sita. Tukikinga nusu yake tu, tunapata mitungi mitatu ya kumwagia chooni na kupigia deki, na maji safi yakabaki kwa kunywa na kupikia. Maji hayo yatumike siku hiyo hiyo, kwani yakilala hunuka na kuzaa mbu. Yamwagwe penye shina la mpapai, mdimu au mgomba, si juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Ya jikoni yachujwe mafuta na makombo, na watoto wasiyachezee.

Hata hivyo, mama anayepanga ghorofa ya tatu hawezi kutenganisha mabomba ya mwenye nyumba. Hapo ndipo pana kazi ya serikali ya kaunti. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na Jadweli ya Nne imezikabidhi kaunti huduma za maji. Ramani za majengo nazo hupitishwa na kaunti. Basi tuiombe iweke sharti: kila jengo jipya la kupangisha liwe na bomba la maji ya choo mbali na la maji ya kuogea na kunawia, na mwenye kuweka tangi la kukusanyia haya ya pili apunguziwe ada. Nasi wa misikiti tutangulie, maana maji ya udhu wa Ijumaa moja hutosha kunywesha bustani ya madrasa.

Kaunti ikiita mkutano wa kukusanya maoni, kina mama msiwaachie waume peke yao. Nyinyi ndio mnaojua idadi ya mitungi.

Nawe mwanangu uliyeniuliza, usibishane na mavyaa wako. Woga wake unatokana na kuipenda twahara. Msomee haya kwa adabu, na papai la kwanza likiiva, mpelekee yeye.

Wabillahi tawfiq.